Kitunguu saumu kisichong'olewa

Mche wa kwanza wa kitunguu saumu cha porini niliuua kwa mikono yangu. Ulikuwa na miezi miwili kwenye lupango yetu, yaani uwanja wa nyumba, hapa Lubumbashi, majani yamesimama vizuri, na mimi nilikuwa na haraka ya kuona punje. Kwa mtu aliyepika malewa, yaani mgahawa mdogo wa mtaani, miaka 19, kitunguu saumu ni kile kichwa cheupe kinachotoka chini ya udongo: unakimenya, unatwanga punje, basi. Nikapiga magoti, nikachomeka kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo, pembeni ya shina, nikainua. Chini hakukuwa na kichwa. Kulikuwa na vitunguu vyembamba kama vidole vya mtoto, vimeshikana, na mizizi minene myeupe iliyokatika kila mahali kisu kilipopita. Niliurudisha ardhini jioni ileile, nikaumwagia ndoo nzima ya maji. Wiki mbili baadaye ulikuwa umeoza.

Tangu nianze kuweka picha za maua yangu, watu wa hapa, wa Likasi na wa Kolwezi wananiuliza swali lilelile: "Mama, unakivuna lini?" Hakivunwi hivyo. Unakata majani, unachuma maua, chenyewe unakiacha palepale kilipo. Mimi nililipia somo hilo mche mzima, na sitaki mwingine alipie.

Kilifika kwangu kwa barabara. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni dereva wa lori, na njia ya Durban, Afrika Kusini, hadi mpakani kwetu Kasumbalesa anaijua kama mimi ninavyoijua njia ya soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Siku moja, kwenye kituo cha mafuta huko Durban, alikuwa akiwasubiri wenzake, akarudi nyuma hatua mbili, akakanyaga majani ya pembeni. Harufu ikapanda. Akadhani kuna mtu anapika. Akageuka kutafuta jiko, asilione. Kulikuwa na mstari wa maua ya zambarau tu, yamepandwa kando ya sakafu kama urembo. Aliniletea habari kabla hajaniletea mche. "Shemeji," akaniambia, "huko kuna ua linalonuka kama chungu chako."

Safari iliyofuata alinunua vikopo viwili kwenye kitalu, pamoja na karatasi ya kuthibitisha afya ya mmea. Naitaja karatasi hiyo kwa ajili ya wale wanaoniomba nimwambie awaletee mizizi ndani ya mfuko wa koti. Hapana. Magonjwa ya mimea na wadudu husafiri na udongo, na hatuna haki ya kumwingizia mkulima wa hapa ugonjwa asioujua. Subiri nigawe, nitakupa.

Kikopo kilikuwa na kibandiko: Tulbaghia violacea, na chini yake wildeknoffel, maana yake kitunguu saumu cha porini kwa Kiafrikana. Kiasili kinaota Afrika Kusini, hasa upande wa Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal, na Wazulu wanakiita isihaqa. Binti yangu ndiye alinitafutia habari za jina lile la kwanza. Linatoka kwa Ryk Tulbagh, Mholanzi aliyekuwa gavana wa Rasi tangu 1751 hadi alipofariki 1771. Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya Kilatini, alimpa heshima hiyo mwaka huohuo wa 1771. Violacea ni ile rangi ya maua. Nilihuzunika kidogo niliposomewa. Watu waliokuwa wakikipanda mbele ya nyumba zao na kukitia chunguni walikuwa na jina lao tayari, na gavana ndiye aliyebaki kwenye kibandiko. Kwa hiyo nyumbani tunajifunza isihaqa pia. Ile q ni ya kugonga ulimi juu ya kinywa; shemeji anaipata, sisi wengine bado tunajaribu.

Wateja wangu wamekipa jina lao wenyewe: majani ya ayi. Huku kwetu kitunguu saumu kimekuwa ayi tangu zamani, kwa Kifaransa, na ukienda sokoni ukauliza kitunguu saumu mama muuzaji atakutazama kwanza. Hiki ni ndugu yake, wako ukoo mmoja na kitunguu cha kawaida, lakini baba zao si mmoja, wala tabia zao. Ukikilea kama ayi, utakikosa.

Ngoja nieleze kilivyo, maana picha haisemi yote. Majani ni membamba, marefu kiasi cha sentimita 30, kijani chenye majivu kidogo, yanatoka chini kwa wingi na kuinama kama nyasi nzuri. Bua la maua linapanda peke yake, halina jani hata moja, linapita goti langu. Kileleni linabeba kifuko chenye ngozi nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Kifuko kikipasuka, ndani kuna vijiti vya maua vimebanana. Nimehesabu 8 kwenye bua dhaifu na 20 kwenye lile lililoshiba. Hayafunguki siku moja. Leo mawili, kesho matatu, na la mwisho linafunguka la kwanza likiwa limeshasinyaa, ndiyo maana bua moja linapamba mlango kwa wiki kadhaa. Kila ua ni mrija mwembamba unaoishia kwenye ncha sita kama nyota. Lisogeze karibu na jicho: katikati ya kila ncha kuna mstari uliokolea kuliko kando zake, umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Mjukuu wangu aliniuliza nani kaichora. Nilimwambia Mungu, na nilikuwa nasema kweli.

Jani usipoligusa halinuki sana. Livunje, ndipo linasema. Ile harufu inatengenezwa pale jani linapoumia, kama ilivyo kwa ayi unapoitwanga: ndani kuna vitu vyenye salfa ambavyo vinakaa kimya mpaka seli zipasuke. Kwa hiyo mbwa akipita katikati ya kichaka, lupango nzima inajua.

Sasa udongo, maana hapo ndipo nilipopoteza muda mwingi. Udongo wetu mwekundu unashika maji vibaya. Kiangazi unapasuka, mvua ikija unageuka uji. Tunapata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka na sehemu kubwa kabisa inamwagika kati ya Novemba na Machi, halafu kuanzia Mei hadi Septemba mbingu inafunga. Mmea huu unastahimili kiu vizuri kuliko mboga yoyote niliyowahi kupanda. Kusimama kwenye maji ndiko usikokuweza. Mche wangu wa pili, niliokuwa nimeupanda ardhini karibu na bomba, ulianza kuwa na njano chini ya majani katikati ya Desemba. Niliuvuta kidogo ukanifuata mkononi bila kubishana, na hiyo ni dalili mbaya. Nikauinua wote, nikakata sehemu iliyolainika hadi nikafika kwenye nyama nyeupe ngumu, nikaziacha sehemu tatu zilizobaki zikauke kivulini siku mbili juu ya gunia. Vyote nilivyo navyo leo vimetoka kwenye sehemu hizo tatu.

Nikazipanda ndani ya beseni la zamani la kuoshea vyombo lililopasuka ukingo. Nilipasha msumari kwenye mbabula, jiko la mkaa, mpaka ukawa mwekundu, nikatoboa matundu saba chini, nikaliweka juu ya matofali matatu ili maji yapate pa kutokea. Udongo niliuchanganya hivi: mafungu mawili ya udongo wa kichuguu uliopondwa, mawili ya mchanga mnene wa mtoni, moja ya samadi ya mbuzi iliyozeeka mpaka haina harufu. Kila mtu hapa Katanga anajua kwamba udongo wa kichuguu una chakula kuliko ule wa pembeni yake, lakini peke yake unaganda kama tofali, na kwa kweli ndiko tunakotoa matofali. Mchanga usiuonee choyo.

Beseni lina sababu ya pili pia, na hii naomba watu wa mji huu waisome polepole. Lile bomba la moshi tunaloliona kila siku, lenye mita 153, ni la kiwanda cha kuyeyushia shaba. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo mwaka 1911, na kwa miaka mingi iliyofuata moshi ulikuwa ukianguka upande ule upepo unaoupeleka, kaskazini-magharibi. Haukuanguka bure. Uliacha shaba, risasi, zinki, kadimi na aseniki kwenye udongo, na kuna sehemu ambazo miti ilikufa yote. Nimekulia karibu na upande huo. Mama yangu alipanda mboga ya lengalenga mwaka baada ya mwaka, inatoka, inakuwa njano, inasimama hapo. Alidhani mkono wake ni mbaya. Alikufa akiamini hivyo, na mimi nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba mkono wa mama yangu haukuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kitu ambacho nitakila jani lake, silipandi tena kwenye udongo wa mjini nisioujua historia yake. Wa kwangu unatoka kwenye shamba la dada yangu, barabara ya Kasenga, mifuko minne kwa mwaka, na mume wangu halalamiki tena kuubeba. Kama unataka maua tu ya kutazama, panda popote panapopitisha maji. Ukitaka kula, uliza udongo umetoka wapi.

Jua linahitajika la kutosha, saa sita kwa siku angalau. Jirani yangu aliweka beseni lake chini ya mwembe kwa sababu alikihurumia; amepata majani marefu malegevu na hajaona ua hata moja. Maji mimi natoa mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, yale ya kuoshea mchele au mboga, yasiyo na chumvi wala sabuni. Mvua zikianza siongezi kitu. Samadi naongeza ngumi moja kila Septemba, kabla ya joto kubwa.

Baridi iliniogopesha mwaka wa kwanza. Zile asubuhi za Juni na Julai ambapo wateja wanakuja kwangu kwa ajili ya moto kabla ya chakula, ncha za majani zilikuwa za kahawia na nikaanza kulifunika beseni kwa gunia usiku. Sikuwa na haja. Huko kwao kinapigwa na baridi kali kuliko yetu na kinarudi. Kinapunguza mwendo tu, maua yanakuwa machache, kisha Oktoba kinaamka, na kati ya Novemba na Aprili kinatoa bua juu ya bua.

Wadudu wengi hawakipendi. Konokono ndio wanaothubutu, hasa Januari, wale wadogo wasio na gamba wanaojificha chini ya ukingo wa beseni. Nawaokota usiku kwa tochi, na kwa kuwa umeme nao huondoka usiku, tochi iko karibu daima.

Kukata. Hapa ndipo mimi na wapishi wenzangu tunapotofautiana. Wao wanavuta jani. Usivute, ukivuta unatikisa mizizi na wakati mwingine unatoka na kitunguu chake. Shika majani matano au sita ya nje, yale makubwa, uyakusanye mkononi kama unavyoshika nywele za mtoto unapotaka kumsuka, kisha ukate kwa kisu kikali vidole viwili juu ya udongo. Ya katikati yaache, ndiyo yanayokuja. Kichaka kilichoshiba nakikata kila baada ya siku kumi na hakinikasirikii. Nikikata zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, naona kinanyong'onyea, kinatoa majani membamba kwa mwezi mzima. Bua lililomaliza maua nalikata chini kabisa, isipokuwa mawili au matatu ninayoyaacha yatoe mbegu. Mbegu ni ndogo, nyeusi, bapa, zinakaa ndani ya vikapsuli vyenye pembe tatu. Zinaota upesi, lakini utasubiri mwaka wa pili au wa tatu kuona ua, na mimi nina miaka 58. Nagawa vichaka.

Jikoni nililazimika kujifunza upya. Kwa miaka yote hiyo nilianza kila chungu namna moja: mafuta, kitunguu, ayi. Nilipojaribu majani haya vilevile, mafuta yakayameza. Harufu ilipanda dakika moja, ikajaa barabara, kisha chungu kikabaki hakina kitu. Jani hili linataka kuingia mwisho, moto ukiwa umeshashuka. Sasa maharagwe yangu yakishaiva na mchuzi wake umekuwa mzito, nakatakata konzi moja ya majani juu ya ubao, vipande vidogo kama vya kitunguu cha majani, namwaga, nafunika, nahesabu hadi mia. Ukifunua, mvuke wa kwanza ndio unaoita watu.

Kwenye samaki mkavu hakina mpinzani. Samaki mkavu wa ziwa Mweru ana ile harufu yake nzito ambayo baadhi ya vijana wa siku hizi wanaikimbia. Majani haya yanaituliza bila kuifuta. Kwenye pilipili ya kusaga naweka majani na vitunguu vyembamba vichache nilivyopata wakati wa kugawa, chumvi, limau, na wanaume wa garaji ya jirani wanakula bukari, yaani ugali, na pilipili hiyo peke yake mwisho wa mwezi, mfuko ukiwa umekauka. Nawaongezea mchuzi kidogo bila kuwaambia.

Na maua yanalika. Hilo ndilo wateja walikataa kuamini. Nilianza kwa kuyanyunyizia juu ya parachichi lililokatwa, na chumvi. Ladha yake ni kama ya jani lakini ina utamu mwanzoni, halafu pilipili kidogo nyuma ya ulimi, halafu ayi. Mteja mmoja, baba mtu mzima wa karibu miaka 70 anayekuja kila Jumatano, aliyasogeza yote pembeni ya sahani kwa heshima. "Mama, mimi maua nayapeleka kaburini kwa bibi yangu," akaniambia. Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata sikumwekea. Wiki ya tatu aliniomba mwenyewe, akala moja, akanyamaza, akala la pili. Alipoondoka nilimfungia matano ndani ya karatasi ayapeleke anakoyapeleka.

Wengi wanapenda kwamba jani hili haliachi kinywa kikinuka kama ayi yenyewe, na inasemekana ndiyo sababu walowezi wa Kiingereza kule Afrika Kusini walilipa jina la kitunguu saumu cha kukaa na watu. Kwa upande wangu naona ni kweli kwa sehemu. Ukila machache uko salama kuongea na mtu. Ukila mengi mabichi, utanuka kama kawaida, na tumbo litakuuma pia. Mpwa wangu alitafuna konzi nzima akishindana na wenzake, akakesha ameshika tumbo. Kula kama kiungo, siyo kama mboga.

Kuna kitu kingine nataka kukisema kwa uzito. Mwaka jana muuza maua wa kando ya barabara aliniambia anacho, "kilekile cha kwako, mama." Nilifurahi, nikalipa, nikabeba. Nyumbani nikakiangalia vizuri: majani mapana kuliko yangu, manene, yanang'aa, na bua lenye kichwa cha maua ya bluu. Nikavunja jani, nikanusa. Hakuna kitu. Harufu ya nyasi tu. Kilikuwa agapanto, ua zuri, nalo pia la kutoka Afrika Kusini, lakini lina sumu na si la kuliwa. Nilikirudisha, na yule kijana hakuwa na nia mbaya, hakujua. Lakini fikiria mama mwingine angelitia chunguni. Kabla hujala jani lolote linalofanana na hili, livunje na ulinuse. Lisiponuka ayi, usile. Ukiwa na wasiwasi wowote, usile.

Shemeji anasema Wazulu hukipanda kuzunguka nyumba ili nyoka wasikaribie, na kwamba majani yaliyopondwa hupakwa mwilini kufukuza mbu na viroboto. Nyoka sijawahi kumwona kwenye lupango yangu, kabla wala baada, hivyo sina la kushuhudia. Watoto bado wanalala ndani ya chandarua na nyasi za nyuma bado tunazifyeka. Mama mkwe alipokohoa mwezi mzima aliniomba nimchemshie vitunguu vyake, kwa sababu shemeji alimwambia kwamba huko kwao ni dawa ya kikohozi. Nilimchemshia kikombe kimoja, kwa adabu, maana huwezi kumkatalia mama mkwe kitu kilichomo kwenye lupango ya mwanawe. Asubuhi nikampeleka kwa daktari. Kikohozi cha mwezi mzima si cha majani.

Kugawa nakufanya Septemba, kila mwaka wa pili au wa tatu, beseni likijaa mpaka maji yanakaa juu na hayaingii. Nalimwagilia siku moja kabla ili udongo ulainike. Naligeuza ubavuni, nalipiga mgongo kwa kiganja, na kichaka chote kinateleza na kutoka na umbo la beseni, mizizi imezunguka chini kama kata ya kubebea ndoo. Sitii kisu tena. Natia vidole gumba viwili katikati, pale majani yanapoachana yenyewe, na navuta pole pole kuelekea pande mbili. Kuna sauti, ndogo, ya kitu kibichi kinachoachana, na harufu inayokufanya ufumbe macho. Kila kipande kibaki na vitunguu vinne au vitano na mizizi yake. Majani nayakata nusu ili mmea usibebe mzigo mkubwa kabla haujashika. Napanda pale pale, kina kilekile kilichokuwa nacho, nabana udongo, namwagilia mara moja, kisha naacha siku tatu. Ukipanda chini sana, utaozesha.

Safari iliyopita shemeji aliniletea cha aina nyingine, chenye majani ya mistari myeupe pembeni. Ni kizuri sana, usiku wa mbalamwezi kinaonekana toka getini. Lakini kinakwenda taratibu na sijathubutu kukikata. Nimekiweka mbali na wapishi.

Mabeseni sasa ni kumi na moja. Mawili yako mlangoni pa malewa, na yale mengine ukutani, upande wa jua la asubuhi. Vipande nimewapa dada yangu, garaji, walimu wawili, na yule baba wa Jumatano, ambaye aliniomba kimoja lakini hakukipeleka nyumbani, amekipanda kaburini. Nilimweleza habari za maji na mchanga, akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama kinaweza kukaa kiangazi kizima bila mtu kukitazama, kwa sababu miguu yake haimpeleki kila wiki. Nikamwambia kinaweza, akimwagilia vizuri siku anazofika.

Beseni la tatu kutoka mlangoni limejaa. Septemba hii naligawa, na kipande cha kwanza ni cha msichana anayeniuzia makala, yaani mkaa, aliyeniomba tangu Pasaka. Ameshatafuta ndoo yake, ameshaitoboa, na juzi alikuja nayo kichwani kunionyesha kama matundu yanatosha. Yalikuwa matatu. Tukapasha msumari, tukaongeza manne.